Sura ya Sita: Tarumbeta ya Pauni 15

Witbank ni mji wa makaa ya mawe ulioko mashariki mwa Johannesburg, na siku hizi huitwa eMalahleni. Hugh Ramapolo Masekela alizaliwa huko tarehe 4 Aprili 1939. Mwaka uliofuata, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thoburn Williamson, aliipata almasi ya Mwadui, na tangu hapo maisha ya watu wa Songwa, Maganzo na vijiji vya jirani yakafungamana na mgodi. Nimeanza na miji hii miwili kwa sababu sura hii inamhusu mpiga tarumbeta ambaye mtu wa mgodini hana haja ya kuelezwa alikotokea. Siku ya mshahara tunaijua. Wageni waliotoka mbali, kila mmoja na lugha yake na wimbo wake, tunawajua. Kilabu cha pombe kinachofurika Jumamosi jioni tunakijua pia.

Masekela alilelewa miaka ya mwanzo na bibi yake, na bibi huyo alikuwa akiwauzia wachimbaji pombe nyumbani kwake. Wanaume hao walitoka Msumbiji, Malawi, Lesotho, Zimbabwe na kwingineko. Wakishapata vikombe viwili vitatu walizungumza habari za wake na watoto waliowaacha nyuma, kisha wakaimba. Mtoto alikuwa pembeni, anasikiliza. Tanganyika nayo ilikuwa na watu wake kwenye migodi ya Afrika Kusini: wanaume wa Mbeya na Tukuyu waliokwenda Wenela, kama ulivyoitwa uandikishaji ule, hadi serikali ya Uhuru ilipoufungia mlango mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1974 Masekela alirekodi wimbo uitwao Stimela, unaoeleza treni ya makaa iliyowabeba wachimbaji wageni kwenda machimboni. Katika wimbo huo anaiga kwa mdomo mlio wa treni, puu baada ya puu, na tarumbeta inapoingia unaisikia kama sauti ya mmoja wa abiria. Alikuwa na miaka 35 wakati huo, lakini malighafi ya wimbo aliichota utotoni, nyumbani kwa bibi.

Mwaka huohuo wa 1974 alifanya jambo jingine ambalo watu hulikumbuka zaidi. Yeye na rafiki yake waliandaa tamasha la muziki mjini Kinshasa, kubwa kuliko lolote ambalo jiji lile lilikuwa limewahi kuliona. Nataka tuitazame safari ya mtu huyu kutoka tarumbeta yake ya kwanza hadi tamasha lile, kwa sababu humo mna somo ambalo mikoa yetu ya Shinyanga na Geita inalihitaji sasa hivi.

Matarumbeta kabla yake

Tusidhani kwamba tarumbeta ilikuwa kitu kigeni kwa Mwafrika wa wakati ule. Huku kwetu ilishatangulia kwa njia ya beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, vijana walipozitazama bendi za kijeshi na za misheni wakaamua kuwa na za kwao. Ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam, na huko ikagawanyika katika vyama viwili vilivyoshindana bila kuchoka, Arinoti na Marini. Wanachama walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakavaa sare, wakatembea kwa mwendo wa gwaride, wakachangiana harusini na misibani. Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, vikaisambaza kila mahali walipopita askari na wapagazi. Ikafika Tabora na Ujiji, ikavuka hadi Katanga, ikafika machimbo ya shaba ya Zambia ambako ilizaa ngoma nyingine iitwayo kalela. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975.

Beni ilikabiliwa na tatizo ambalo hadi leo halijaisha: vyombo ni ghali. Watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa walilitatua kwa ufundi wao. Walichukua kibuyu, wakakitoboa tundu dogo ubavuni, wakaliziba kwa utando wa buibui. Ukiweka mdomo kwenye kibuyu hicho na kuvumisha sauti yako, utando unatetemeka na sauti inatoka nene, yenye mkwaruzo, inayokaribia sana ile ya bendi ya askari. Vibuyu vya ukubwa mbalimbali vikipangwa pamoja vinatoa sauti ya juu, ya kati na ya chini. Ndivyo zilivyopatikana mganda na malipenga, ngoma ambazo bado zinachezwa. Watu walioweza kubuni kitu kama hicho hawakupungukiwa kipaji. Walipungukiwa vyombo na mwalimu tu.

Afrika Kusini ya miaka ya 1950 hali ilikuwa hiyohiyo. Vipaji vilijaa mitaani, na vyombo vilikuwa madukani kwa bei ambayo mtoto wa Kiafrika hakuiweza.

Padri na kijana mtundu

Masekela alipelekwa kusoma St Peter's, shule ya bweni ya Kanisa la Anglikana iliyokuwa Rosettenville, Johannesburg. Oliver Tambo, ambaye baadaye aliiongoza ANC ikiwa uhamishoni na kuishi miaka mingi akipita kwetu Tanzania, aliwahi kufundisha shule hiyo. Mlezi wa Masekela shuleni hapo alikuwa padri Mwingereza, Trevor Huddleston, mtu aliyeuchukia ubaguzi wa rangi waziwazi na kusimama na watu wa Sophiatown serikali ilipokuja kuwabomolea nyumba mwaka 1955.

Masekela alikuwa mtundu na hakuachana na matatizo. Padri alimwita akamuuliza anataka kufanya nini hasa na maisha yake. Kijana, aliyekuwa na miaka 14, alikuwa ametazama sinema ya Marekani ya mwaka 1950 iitwayo Young Man with a Horn, inayomhusu mpiga tarumbeta. Akamjibu padri kwamba akipatiwa tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Huddleston hakuanza kumhubiria. Alitafuta pauni 15, akamnunulia tarumbeta, kisha akafanya jambo la pili lililokuwa na uzito uleule: akamtafutia mwalimu. Mwalimu huyo, aliyejulikana kama Mjomba Sauda, alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya Waafrika ya Manispaa ya Johannesburg.

Tarumbeta ni chombo kigumu kwa anayeanza. Ina vali tatu tu, na kwa vali hizo huwezi kupata noti zote. Nyingine zinatafutwa kwa midomo. Mpulizaji hubana midomo yake kwenye kipulizo mpaka itetemeke, na kadiri anavyoibana zaidi ndivyo sauti inavyopanda, ilhali vidole havijasogea. Wiki za mwanzo kinachotoka ni mlio wa mbuzi aliyekabwa. Midomo inavimba, mashavu yanauma, pumzi inakata katikati ya mstari. Bila mtu mzima wa kumwambia mtoto akae vipi, avute pumzi ya tumboni namna gani na apumzike lini, wengi huishia hapo na tarumbeta inarudi kwenye sanduku lake. Masekela alikuwa na wa kumwambia.

Punde wenzake nao wakataka. Jonas Gwangwa akachukua tromboni, wengine wakapata vyombo vingine, ikaundwa Huddleston Jazz Band. Serikali na uongozi wa shirika lake vilipomfanya padri aondoke nchini mwaka 1956, alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za vijana wake. Armstrong akatuma tarumbeta yake mwenyewe Johannesburg. Ipo picha mashuhuri ya mpigapicha Alf Kumalo inayomwonyesha Masekela akiruka juu kwa furaha, tarumbeta ile mkononi, uso wote kicheko.

Padri huyu alikuja kuwa mtu wetu. Mwaka 1960 Huddleston aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi, akawatumikia watu wa kusini mwa Tanganyika, baadaye Tanzania, hadi mwaka 1968. Wazee wengi wa Masasi walimjua kwa mahubiri na shule. Wachache walijua kwamba mkono uliowapa kipaimara ndio uliompa tarumbeta ya kwanza mwanamuziki ambaye mwaka huohuo wa 1968 angeongoza chati za Marekani.

Kutoka bondia hadi bondia

Mwaka 1959 Johannesburg ilizindua King Kong, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo uliosimulia maisha ya bondia Mwafrika, Ezekiel Dlamini. Miriam Makeba alikuwa mwimbaji mkuu, na Masekela alikuwa kwenye okestra. Mwaka huo huo waliungana yeye, Gwangwa, mpiga kinanda Dollar Brand ambaye leo anaitwa Abdullah Ibrahim, na Kippie Moeketsi wa saksafoni, wakaunda Jazz Epistles. Mwanzoni mwa 1960 walirekodi santuri ndefu ya jazi, ya kwanza kutolewa na kundi la Waafrika wa Afrika Kusini.

Hawakupata muda wa kuifurahia. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Sharpeville, wakaua watu 69. Ikatangazwa hali ya hatari, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Bendi ya watu sita inayotaka hadhira haiwezi kuishi katika nchi ambayo kukusanyika ni kosa. Huddleston na marafiki zake wa Uingereza walimsaidia Masekela kupata nafasi kwenye chuo cha muziki cha Guildhall, London. Baada ya miezi michache akahamia Manhattan School of Music, New York, kwa msaada wa Harry Belafonte na Makeba. Alikuja kumwoa Makeba mwaka 1964, na ndoa yao ikadumu miaka miwili.

New York ilimfundisha jambo lililomjenga. Alikuwa na ndoto ya kupiga kama Wamarekani aliowaabudu, na Wamarekani wenyewe wakamkataza. Belafonte na Miles Davis walimshauri achanganye na muziki wa kwao, kwa kuwa wapigaji jazi wa Kimarekani walikuwa wamejaa tele na mmoja zaidi asingeonekana. Akarudi kwenye mbaqanga, kwenye nyimbo za wachimbaji wa nyumbani kwa bibi. Mwaka 1967 alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, pamoja na Jimi Hendrix na Otis Redding. Julai 1968 wimbo wake usio na maneno, Grazing in the Grass, uliotungwa na Mwafrika Kusini mwenzake Philemon Hou, ukashika namba moja Marekani nzima kwa wiki mbili.

Chuoni alipata pia rafiki wa kudumu, Stewart Levine, aliyeishi naye chumba kimoja, kisha wakaanzisha kampuni ya kurekodi, Chisa. Miaka ya mwanzo ya 1970 Masekela alichoka na Marekani. Umaarufu ulimletea fedha, ulevi na dawa za kulevya, na haukumpa utulivu. Makeba, aliyekuwa akiishi Guinea, alimhimiza arudi Afrika. Akaenda Conakry, akapita Kinshasa, akafika Lagos kwa Fela Kuti, na Fela akamkutanisha na bendi ya Ghana, Hedzoleh Soundz. Alirudi Marekani na wazo moja: muziki wa Waafrika na wa watoto wa Afrika waliopelekwa ng'ambo utumwani upigwe jukwaa moja, katika ardhi ya Afrika.

Siku tatu za Kinshasa

Nafasi ilitokana na ngumi. Promota Don King alikuwa amewaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja, na Rais Mobutu Sese Seko akakubali kugharimia pambano ili dunia iitazame Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Pigano lilipangwa tarehe 25 Septemba 1974. Masekela na Levine waliona kwamba umati utakaokuja kwa ngumi unaweza kuja mapema kwa muziki. Wakapendekeza tamasha la usiku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja wa 20 Mei. Fedha za Mobutu zilikuwa za mabondia, si za wanamuziki. Za tamasha zilibidi zitafutwe kwingine, zikapatikana kwa wawekezaji kutoka Liberia.

Orodha ya wasanii hata leo inashangaza. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers na The Spinners. Celia Cruz alikuja na Fania All-Stars, na Wakongo waliokuwa wamekua na santuri za Kuba wakaipokea salsa yao kama ndugu aliyerudi nyumbani. Makeba alikuwepo. Wenyeji walikuwa Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na Abeti Masikini, binti wa Kisangani, mji wa Waswahili wa Kongo.

Siku chache kabla ya tamasha, Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi. Pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wasanii walikuwa wameshasaini, jukwaa limeshasimamishwa, wapigapicha wa sinema wameshafika. Tamasha halikuweza kusogezwa, basi likafanyika bila pambano lililokuwa limelizaa.

Athari yake ilikuwa kubwa. Watalii waliotarajiwa kutoka Ulaya na Marekani hawakuja. Kiingilio kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya watalii hao, na mkazi wa kawaida wa Kinshasa hakuwa na fedha hiyo. Uwanja ukawa na mapengo. Mwishowe milango ikafunguliwa watu waingie bure, na hapo jiji likaja kwa makumi ya maelfu. Picha za sinema zinaonyesha umati uliosimama ukicheza hadi usiku mkubwa, na wanamuziki wa Marekani wakishangaa jinsi watu wasioijua lugha yao wanavyoujua mdundo wao.

Tamasha lilipokwisha, lilikwisha kabisa. Halikurudiwa mwaka uliofuata wala mwingine. Filamu zilizopigwa zikaingia kwenye kesi na madeni. When We Were Kings, iliyohusu pambano, ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye, ikapata tuzo ya Oscar. Soul Power, iliyohusu muziki wenyewe, ilitoka mwaka 2008. Rekodi za wasanii wa Afrika zilikaa kabatini kuliko zote. Masekela na Levine walizitoa mwaka 2017, miaka 43 baada ya Franco na Tabu Ley kushuka jukwaani. Kufikia hapo wanamuziki hao wawili wa Kongo walikuwa wameshafariki.

Kilichobaki

Sasa tuweke vitu viwili mbele yetu. Kimoja ni tarumbeta ya pauni 15 pamoja na mwalimu mmoja wa manispaa. Kingine ni tamasha la ndege za kukodi, rais wa nchi na wasanii wakubwa kutoka Afrika na Amerika. Kile cha kwanza kilizaa kazi ya zaidi ya miaka 60, bendi kadhaa na kizazi cha wapulizaji. Kile cha pili kilizaa usiku tatu wa kukumbukwa na filamu nzuri zilizochelewa. Silidharau tamasha la Kinshasa. Lilionyesha kwamba muziki wa Afrika unaweza kusimama na wowote duniani. Ninachosema ni kwamba halikuwa na mzizi Kinshasa. Lilifungwa kwenye ratiba ya ngumi, likapangiwa bei kwa ajili ya wageni, na lilipoondoka halikuacha shule, wala chama, wala jukwaa ambalo kijana wa mtaa wa Matonge angelitumia mwaka uliofuata.

Masekela mwenyewe, kwa matendo yake ya baadaye, alionyesha kwamba alilielewa hilo. Miaka ya 1980 alihamia Botswana ili awe karibu na nyumbani, na huko, akisaidiana na mwalimu wa muziki Khabi Mngoma, alianzisha shule ya muziki kwa vijana. Juni 1985 makomando wa Afrika Kusini waliivamia Gaborone wakaua watu 12, na ikambidi akimbie tena. Alikwenda na barua ambayo Nelson Mandela alikuwa amemwandikia kutoka gerezani kwa siku yake ya kuzaliwa, na kutokana na barua hiyo akatunga Bring Him Back Home. Mwaka 1990 alirudi kwao. Miaka ya 2010 alianzisha Soweto tamasha la urithi lenye jina lake, la watu wa mtaani wanaokuja na watoto. Alifariki Johannesburg tarehe 23 Januari 2018, akiwa na miaka 78.

Nchini kwetu matamasha yaliyodumu yanathibitisha jambo hilohilo. Tamasha la Bagamoyo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 likiwa ndani ya Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, na kwa kuwa kila mwaka chuo kina wanafunzi na walimu, kila mwaka tamasha lina wa kupanda jukwaani. Zanzibar, chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilianza mwaka 2002 na Sauti za Busara mwaka 2004, na wanafunzi wa chuo kile wamekuwa wakionekana kwenye jukwaa lile.

Usukuma tuna mfano wa zamani zaidi. Bulabo ya Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, huchezwa kila mwaka baada ya mavuno, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliikaribisha ngoma kanisani na kulea makumbusho ya Wasukuma mahali pale. Lakini hakuwaumba wachezaji. Aliwakuta. Vyama vya Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vilikuwa vikishindana tangu zamani. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake. Kiongozi wa ngoma anayelijua hilo hufanya mazoezi mwaka mzima, na kikundi chake kina wazee wa kukirithisha na vijana wa kukirithi. Hiyo ndiyo sababu Bulabo ingali hai wakati tamasha la Kinshasa ni historia.

Zamu yetu

Ukanda wa madini una kila kitu kilichoifanya Witbank izae Masekela. Una wageni wa kila kabila, una mishahara, una kumbi, una usiku wa Jumamosi. Una historia pia: Western Jazz, iliyotikisa Dar es Salaam kwa mtindo wa saboso, ilianzishwa na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, jirani zetu. Zamani bendi za dansi zilikuwa na safu nzima ya wapulizaji, tarumbeta na saksafoni, yaani domo la bata, na mpaka leo shabiki wa Msondo huitambua bendi yake kwa matarumbeta kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Safu hizo zilipungua kinanda cha umeme kilipoanza kufanya kazi ya watu watatu. Vijana waliokuja nyuma hawakupata wa kuwarithi.

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha za mipango hiyo zimejenga madarasa, zahanati na visima, na zinastahili kuendelea kufanya hivyo. Naomba madiwani wa Kishapu, Kahama, Geita na Shinyanga waingize kitu kimoja zaidi kwenye mpango: seti ya vyombo vya kupuliza kwa shule moja ya sekondari katika kila wilaya, pamoja na mshahara wa mwalimu. Walimu wapo. Bendi za Polisi, Jeshi, JKT na Magereza zimestaafisha wapulizaji wanaosoma noti, na wengi wao wako majumbani. Sharika za Kilutheri zenye vikundi vya matarumbeta nazo zinao. Chombo bila mwalimu kitaishia stoo kikiota kutu, kwa hiyo viwili hivi visitenganishwe kwenye bajeti.

Tamasha lije baadaye, wakati wanafunzi hao wameshapata miaka mitatu minne ya mazoezi. Lipangwe kwa kalenda yetu, baada ya kuvuna, mkulima akiwa na fedha kidogo na muda. Bagika na Bagalu wafungue uwanja, bendi za shule zifuate, na msanii mkubwa wa kualikwa awe mgeni kwenye nyumba yenye wenyewe. Kiingilio kipangwe kwa mfuko wa mchimbaji mdogo wa Maganzo na mama muuza mihogo wa Songwa. Rekodi za kila mwaka zitunzwe hapahapa mkoani, kwa mikataba inayoeleweka, ili nyimbo za watoto wetu zisisubiri miaka 43.

Na wewe msomaji, usisubiri halmashauri. Kama una ndugu au jirani aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi yoyote, nenda kwake wiki hii na mtoto mmoja anayependa muziki, umwombe amfundishe.